Otonglo ya nyanya inasema Kilatini

CHUKUA sarafu ya zamani yenye tundu katikati, ile ya rangi ya kahawia ambayo nyanya yako ameiweka ndani ya mkebe wa Kimbo pamoja na vifungo na sindano. Pangusa vumbi kwa kidole tu. Sasa soma herufi zinazozunguka. Kama ni ya miaka ya 1920, utapata maneno haya: GEORGIVS V REX ET IND: IMP:

Hicho si Kiingereza, na aliyeandika V mahali pa U hakukosea. Ni Kilatini, na maana yake ni "George wa Tano, Mfalme na Kaisari wa India". Hizo herufi tatu za mwisho, IMP, ni ufupisho wa imperator, cheo ambacho watawala wa Roma walikichapisha kwenye sarafu zao tangu enzi za Augusto, yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwingereza alikopa cheo, akakopa herufi, akakopa hata ile tabia ya kusafirisha jina lake kwa kulibandika kwenye pesa ya kununulia chumvi.

Na jina hilo lilifika Kosele.

Kosele ni soko la Rachuonyo Kusini, kaunti ya Homa Bay, si mbali na Oyugis. Huku, kama kwingineko Nyanza, senti 10 yenye tundu iliitwa otonglo. Wengi wenu mlilisikia neno hilo mara ya kwanza mwaka 2013, pale simulizi ya "Otonglo Time" ilipotoka kwenye tamasha za maigizo za shule na kutapakaa kwenye simu za watu. Wazee walikuwa nalo miaka mingi kabla. Mtu akikuambia hana hata otonglo, usimwombe nauli.

Senti 5 nayo ilikuwa ndururu, na senti 50 ikaitwa thumni. Hili la mwisho lina safari ndefu: asili yake ni Kiarabu, "sehemu ya nane", yaani moja ya nane ya dola ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyokuwa ikitumika pwani kabla ya Mwingereza kuja na zake. Dola yenyewe ilishakufa, lakini hesabu yake ilibaki midomoni mwa watu hadi bara.

Tuanze na Roma, kwa sababu otonglo haieleweki vizuri bila Roma.

Kule Ulaya na Marekani kuna watu ambao wikendi yao yote inaishia kwenye sarafu za shaba za Kirumi, nyingine ndogo kama kifungo cha shati. Ukisikia "sarafu ya miaka 1,700" unafikiria bei ya ploti Syokimau, si ndiyo? Wacha nikupe hesabu. Mwaka 2010, huko Frome nchini Uingereza, kilichimbuliwa chungu kimoja chenye sarafu 52,503 za Kirumi, nyingi zikiwa za shaba iliyotiwa silva kidogo. Jumba la makumbusho la eneo hilo likazichukua zote kwa pauni 320,250. Gawanya mwenyewe. Ni kama pauni 6 kwa moja, yaani ngiri moja hivi ya Kenya kwa bei za siku hizi. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji tukifika kwa mabroka.

Ni rahisi hivyo kwa sababu Warumi walichapa nyingi mno. Wanajeshi walilipwa, watu wakafukia akiba zao ardhini kwa kuwa benki ya kumwekea mwananchi wa kawaida hakuna, wengine wakafa kabla ya kurudi kuchimbua. Kwa hivyo mkusanyaji wa shaba si lazima awe tajiri. Anachohitaji ni macho, subira na kujua kusoma vifupisho: CAES ni Kaisari, AVG ni Augusto, COS ni konsuli, na SC, herufi mbili kubwa mgongoni mwa shaba nyingi za mwanzo, maana yake ni "kwa uamuzi wa Seneti".

Ukishajua kusoma, unaanza kuona uongo pia. Baada ya Warumi kuubomoa mji wa Yerusalemu mwaka 70, Kaisari Vespasian alichapa sarafu kubwa za shaba zenye mwanamke ameketi chini ya mtende akilia, na maneno IVDAEA CAPTA, "Yudea imetekwa". Hiyo ilikuwa taarifa ya habari ya siku hizo. Haikuhitaji redio, ilipita mkononi mwa muuza samaki. Miaka ya 330, chini ya Constantine na wanawe, wakatoa kijisarafu chenye maneno GLORIA EXERCITVS, "utukufu wa jeshi", na picha ya wanajeshi wawili waliosimama na bendera mbili katikati yao. Baada ya miaka michache sarafu ikapunguzwa ukubwa, nafasi ikaisha, bendera ikabaki moja. Utukufu ukaendelea kutangazwa vilevile.

Sasa rudi Kosele.

Nilikuwa huko Desemba iliyopita kwa watu ninaowafahamu, na mjukuu mmoja anayesoma chuo Nairobi akaomba mkebe wa nyanya yake. Tukazimwaga sarafu kwenye uteo. Nyanya alitutazama kwa muda, kisha akamwuliza kijana, "Nyakwara, hizi unazihesabia nini? Duka gani litakupa sukari kwa hizi?"

"Sizihesabu, dani. Nasoma majina."

"Ya nani?"

"Ya wafalme wa Uingereza."

"Hao hawakufika hapa," akasema nyanya. "Lakini nyumba zetu walizihesabu."

Alikuwa anasema kuhusu osuru, kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilianza kutozwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati ambapo sehemu hizi bado zilihesabiwa ndani ya Uganda. Nyanza ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Kila nyumba ililipiwa. Mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, basi alilipa mara tatu. Mwanzoni watu waliweza kutoa mbuzi au kazi ya mikono, lakini serikali ilitaka sarafu, na sarafu ilipatikana kwa kuuza mavuno au kwenda kufanya kazi kwa mtu. Ndiyo maana nasema otonglo haikuja Kosele kama kitu cha kurahisisha biashara. Ng'ombe, majembe na nafaka zilikuwa zikizunguka bila shida. Sarafu ilikuja kwanza kama deni.

Fanya hesabu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kodi ilipanda hadi shilingi 16 kwa nyumba. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha chama kilichojulikana zaidi kwa jina la Piny Owacho, "nchi imesema", na kodi ilikuwa moja ya malalamiko makuu. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi shilingi 12. Shilingi 12 ni otonglo 120. Otonglo moja ya wakati huo ina uzito wa kama gramu 11. Kwa mzee wa nyumba tatu, hizo ni otonglo 360, karibu kilo nne za shaba zilizotungwa kwenye kamba, kila mwaka. Tundu lile lilisaidia kubeba, kwa sababu mifuko ya kaptura haikuwa mingi.

Kama ulisoma Injili shuleni utakumbuka ile stori ya kodi na sura ya Kaisari kwenye dinari. Waliouliza swali lile walikuwa watu waliotawaliwa na Roma, wakilipa kwa pesa yenye jina la mtu ambaye hawajawahi kumwona. Mtu wa Rachuonyo wa mwaka 1922 hakuhitaji mhubiri amfafanulie.

Kuna jambo lingine ambalo Warumi na Waingereza walifanana, na hili kwangu ndilo tamu zaidi. Ni habari ya silva.

Dinari ya Augusto ilikuwa karibu silva tupu. Makaisari waliofuata wakawa wanapunguza kidogo kidogo: vita, mishahara ya jeshi, sherehe. Mwaka 215 Caracalla akatoa sarafu mpya iliyohesabiwa kama dinari mbili huku silva yake ikiwa ya dinari moja na nusu tu. Kufikia miaka ya 260 na 270, "silva" ya Roma ilikuwa shaba iliyopakwa rangi, chini ya asilimia 5. Safari hiyo iliwachukua zaidi ya miaka 250.

Hapa kwetu ilichukua chini ya 30. Rupia ya India, iliyokuwa pesa ya Kenya hadi 1920, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na silva ya takriban asilimia 92. Mwaka 1920 ikaja florini: uzito uleule, silva asilimia 50. Mwaka 1921 ikaja shilingi yenye simba mbele ya milima: silva asilimia 25. Mwaka 1948 silva ikaondolewa kabisa, shilingi ikawa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kisheria rupia moja ilikuwa sawa na florini moja, sawa na shilingi mbili. Kwenye mizani, aliyetoa rupia alitoa karibu gramu 10.7 za silva, na shilingi mbili alizopewa zilikuwa na gramu 3.9. Ni kweli bei ya silva duniani ilikuwa imevurugika baada ya Vita vya Kwanza, na serikali nyingi zilifanya hivyo. Ila hao wengine walifanya na kura za wananchi wao nyuma.

Halafu kuna ya 1936, na hii nakuomba uitafute kwenye mkebe wa kwenu.

Edward wa Nane alirithi kiti Januari 1936 na kukiacha Desemba mwaka huohuo, akimfuata mwanamke aliyempenda. Hakuvishwa taji. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake hata moja iliyotoka kutumika, kwa sababu sarafu za huko zinahitaji sura ya mfalme na sura ilikuwa bado inatayarishwa. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zina tundu pale ambapo uso ungekaa! Zilihitaji jina tu. Kwa hivyo zikachapwa haraka, EDWARDVS VIII REX ET IND: IMP:, zikapakiwa melini. Mtu wa London hakuwahi kumtumia Edward dukani. Mama wa Kosele alimtumia kununua kiberiti, hata baada ya mfalme mwenyewe kuondoka.

Roma iliwafuta watu kwa ukali zaidi. Septimius Severus, Kaisari aliyezaliwa Leptis Magna nchini Libya (naam, Roma ilitawaliwa na mtoto wa Afrika kuanzia 193 hadi 211), aliwaachia ufalme wanawe wawili, Caracalla na Geta. Kabla mwaka kuisha Caracalla alimuua mdogo wake, kisha akaamuru jina na sura ya Geta viondolewe kila mahali. Katika mji wa Stratonicea, Uturuki ya leo, kuna sarafu za shaba zenye ndugu hao wakitazamana, na upande wa Geta umekwanguliwa ukabaki bapa. Mtu alikaa chini na patasi akafuta uso mmoja mmoja kwenye pesa.

Msidhani kwamba sarafu lazima ije na mgeni. Wakati Roma ikiharibu silva yake, wafalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, walianza kuchapa zao wenyewe za dhahabu, silva na shaba. Endubis ndiye wa kwanza tunayemjua, karibu mwaka 270. Karne iliyofuata mfalme Ezana akabadili dini, na alama ya mwezi mwandamo juu ya sarafu ikabadilishwa kuwa msalaba. Baadhi ya shaba za Aksum zina sentensi ya Kigiriki yenye maana ya "na hili liipendeze nchi". Hebu fikiria gavana wa leo akiandika hivyo kwenye risiti ya kodi.

Na Kilwa, baadaye, masultani walichapa sarafu za shaba zisizo na uso wowote: jina la sultani upande mmoja, sifa za Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zikawa na vina. Tano kati ya hizo ziliokotwa kwenye visiva vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Zilifikaje, wataalamu bado wanabishana.

Basi, mabroka. Umewahi kupata ile meseji ya WhatsApp: "Nunuliwa sarafu ya 1937 kwa milioni 3"? Mchezo huwa hivi. Unatuma picha. Unapongezwa, unaambiwa sarafu yako ni ile yenyewe, na mnunuzi yuko Dubai. Kisha inakuja ada ya usajili, halafu ada ya ukaguzi, halafu ya bima, kila moja kwa M-Pesa. Ukiisha kutuma, namba haipatikani. Wengine huongeza hadithi ya "mercury" iliyofichwa ndani ya sarafu, ati mchele huivuta. Hakuna kitu kama hicho. Ni shaba na bati.

Ukweli wa bei ni huu: otonglo ya kawaida, iliyotumika hadi herufi zikachoka, kwa wakusanyaji wa nje haifiki dola 5. Zilizo adimu ni chache, hasa za mwaka 1920 wakati wa florini, mfumo uliokaa muda mfupi sana. Kama chungu kizima cha Frome kilitoka pauni 6 kwa sarafu, mtu wa kukupa milioni 3 kwa ndururu anakutafuta wewe, hiyo ndururu haitaki.

Hasara nyingine ni ya kimyakimya. Mkebe unauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, pamoja na sufuria iliyotoboka. Ama kijana mwenye nia njema anachukua limau, Brasso au Coca-Cola na kuzisugua zing'ae. Usifanye hivyo. Ile rangi ya kahawia au kijani iliyokolea ni ngozi ya sarafu, imechukua miongo kujitengeneza na inalinda chuma kilicho ndani. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa mkusanyaji. Ukiona unga wa kijani kibichi unaotoka ukigusa, huo ni ugonjwa halisi wa shaba, unaoletwa na chumvi na unyevu. Itenge na wenzake, iweke pakavu, usiiweke kwenye plastiki inayonata.

Kazi yenye faida ni ya kuandika. Piga picha pande zote mbili ukiweka rula kando. Pima uzito kama una mizani ndogo. Tafuta herufi ndogo karibu na tarehe: H ni Birmingham, kwa Heaton, KN ni King's Norton, Birmingham hapohapo, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Za I na SA ni za wakati wa Vita vya Pili, pesa zetu zilipochapwa India na Afrika Kusini. Warumi nao walifanya hivyo: ALE ni Alexandria, ANT ni Antiokia. Kisha mwulize mwenye mkebe alizipata wapi, na uandike jibu kwa jina lake na mwaka. Sarafu zitabaki. Mwenye kujua zilitoka kwa mahari gani, ama kwa mshahara wa nani huko Kericho kwenye chai, hatabaki milele.

Kuhusu sheria, jua moja. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Otonglo haimo, ni changa. Lakini paisa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na ile kampuni ya Imperial British East Africa ikiwa na picha ya mizani, imo. Kuitoa nchini bila kibali ni kosa. Ukichimba shimo la choo ukakuta chungu cha sarafu, acha vitu vilivyo chini vilale hivyohivyo na uwapashe Makumbusho ya Taifa. Kutoka Kosele tawi la kukimbilia ni Kisumu.

Nimesema sana kuhusu nyuso za wafalme, na Kenya huru nayo ilizipenda. Sarafu za mwisho za Afrika Mashariki, za 1964, hazikuwa na jina la mfalme wala malkia, zilisema EAST AFRICA tu. Miaka miwili baadaye ikaja ya Mzee Kenyatta. Kuanzia 1980 ikawa Moi. Mwaka 2003 Kibaki akapata ya shilingi 40, na 2005 Kenyatta akarudishwa. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 Benki Kuu ikatoa twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Tabia ya Augusto ilizimwa hapa kwa kura ya wananchi, na nchi ambazo zimefanya hivyo kwa maandishi si nyingi.

Zile za zamani hazikufutwa, bado ni pesa halali. Kwa hivyo anayetaka kuanza wiki hii haitaji kwenda Roma wala kuombaomba mkebe wa nyanya. Tafuta ashu tatu: ya Moi ya miaka ya 1990, ya Kenyatta ya 2005 au baada yake, na ya simba ya 2018. Zote tatu huzunguka mkononi mwa makanga mmoja, na zitakugharimu shilingi 30.